Mtaa Uliojaa Madada

Mwezi uliopita tulimzika Mama Tausi hapa Rumonge, na kwenye matanga mzee mmoja, ambaye nilimjua wakati bado anafungwa suruali na mama yake, alisimama kueleza marehemu alikuwa nani. Akasema, "Huyu mama ilikuwa dada ya hayati Fundi Sefu." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Miaka sitini na kitu, na uongo ule bado unatembea mjini umevaa vizuri, unakaribishwa kiti. Nilitaka kusimama nimkatize. Sikusimama. Nilijiambia kwamba matanga si mahali pa maneno, na hilo nalo ni jambo tunalofundishwa sisi wanawake mapema sana, kwamba mahali tulipo daima si mahali pake. Kwa hiyo naandika. Naandika nikiwa na hasira, na mtu asiniambie nipoe kwanza. Nimepoa miaka sitini na haikumsaidia mtu.

Mwaka wenyewe ni ule wa uhuru, 1962. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nasoma shule ya masista, na kwa kuwa kwetu Kizuka ni mbali kwa miguu ya kila siku, niliwekwa kwa Mama Tausi katika mtaa wa Waswahili. Nyumba ile ningeweza kuichora hata leo nimefumba macho. Vyumba vitatu vya matofali mabichi, chokaa nje, bati juu. Bati wakati huo halikuwa jambo dogo. Nyumba nyingi za jirani zilikuwa za nyasi au za madebe yaliyopondwa yakanyooshwa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza moja, na meza ile alinipa mimi. Alisema yeye hajui kusoma lakini anapenda kusikia kalamu ikikwaruza. Uani kulikuwa na mafiga makubwa ya kuchemshia ngazi za mchikichi, yale matunda yanayotoa mafuta, kinu cha kutwangia, na harufu ya mawese iliyoingia mpaka kwenye madaftari yangu, masista wakawa wananusa kazi zangu kabla ya kuzisahihisha. Mchana tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese mapya, na pilipili ambayo yeye aliitafuna nzima huku akinicheka mimi machozi yakinitoka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na saba, mikono minene ya kutwanga, sauti ya chini. Nyumba aliijenga mwenyewe kabla ya kuolewa, kwa mawese yake, tofali baada ya tofali. Ila ofisi haikuandika kiwanja kwa jina la mwanamke. Alipoolewa na Fundi Sefu, alimwomba amwazime jina. Alilisema hivyo hivyo, kuazima, kama mtu anayeazima ungo.

Fundi Sefu alikuwa mshonaji, na alikuwa na mke mwingine, mke mkubwa, mtaa wa juu. Hapo ndipo lazima nieleze sheria, maana bila sheria hadithi hii ni ya ngumi tu, na ngumi kila mtu anazijua. Serikali ya Wazungu, miaka kadhaa kabla, ilikuwa imekataza mke wa pili. Walisema ni kwa ajili ya kumlinda mwanamke. Sikatai, huenda aliyeiandika huko kwao alikuwa na nia njema, ameketi kwenye kiti kizuri. Lakini wale wake wa pili waliokuwa tayari wamo majumbani, wanapika, wananyonyesha, hakuna aliyewaambia waende wapi. Sheria ilisema hawapo. Na mwanamke asiyekuwapo hana ruhusa ya kukaa mtaani. Akikutwa, anarudishwa milimani kwao. Basi watu wetu wakafanya walichojua kufanya. Wakaanza kuwaandikisha wake zao kama dada. Mwaka ule mtaa wetu ulijaa madada. Kuna bwana mmoja wa karibu na soko alikuwa na madada watatu, wote wana mimba.

Akina mama walitufundisha la kujibu. Mama Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyekuwa mwalimu. Alikuwa mnene, mcheshi, mumewe mwenyewe ana madada wawili, na yeye alikuwa mmoja wao. Alinikalisha kwenye mkeka, huku anachambua maharagwe, akaniuliza kwa sauti nzito ya karani: "Ewe mutoto, huyu mama ni nani kwa Sefu?" Nikamjibu, "Ni muke wake." Akanirushia haragwe usoni. Tukarudia mpaka nikaweza kusema "dada" bila kucheka. Karani alipokuja kweli, mchana, na buku lake kubwa la jalada jeusi, Mama Tausi alikuwa sokoni na mimi ndiye niliyekuwa mezani. Akauliza. Nikajibu, "Ni dada yake." Akaandika. Nilimtazama akiandika na nikajisifu moyoni kwamba nimeiokoa nyumba. Mama Tausi aliporudi alinipikia samaki mzima, mukeke, mimi peke yangu, na akakaa kunitazama nikila.

Mwezi wa sita Fundi Sefu alipata kazi ya bendera. Kila mtu alitaka bendera, hata mwenye kioski, hata wavuvi kwenye pua za mitumbwi. Nyekundu, kijani, nyeupe, na ngoma katikati. Ngoma ilimsumbua, nyingine zilitoka kama chungu cha maharagwe, na wateja walichukua hivyo hivyo. Kibanda chake kikawa kidogo. Akahamishia cherehani kwenye chumba chetu cha mbele, meza yangu ikasukumwa ukutani, na Mama Tausi akawa anapinda kingo za bendera mpaka vidole vinamuuma, baada ya kazi yake ya mawese. Nilikuwa nasoma huku nasikiliza wanaume waliokuja kungoja. Walizungumza juu ya uhuru. Walisema kila mtu sasa atakuwa bwana nyumbani kwake. Nililisikia neno hilo mara nyingi sana mwezi ule, bwana nyumbani kwake, na kila mara liliposemwa Mama Tausi alikuwa ameinamisha kichwa, anakata uzi kwa meno.

Siku ya ugomvi nilikuwa nimerudi kula. Nilikuwa uani na sahani yangu magotini. Nilimsikia Fundi Sefu akiwaambia wateja, kama watatu hivi, kwamba cherehani haitarudi kibandani. Atafungua duka hapa, ataandika jina lake juu ya mlango, na chumba cha nyuma atamleta mke mkubwa akae, Tausi atahamia jikoni. Alisema kama mtu anayepanga viti. Nikamsikia Mama Tausi, sauti ileile ya chini: "Sefu, hii nyumba nilijenga mimi. Wewe ulikuta bati iko juu." Mteja mmoja akacheka. Nimefikiri sana juu ya kicheko kile. Ninaamini kama yule mjinga asingecheka, Fundi Sefu angetukana akaendelea kushona. Nilisikia kishindo, halafu kingine. Nilipoingia, alikuwa ameshika mita yake ya mti, ile ya kupimia vitambaa, na Mama Tausi ameketi sakafuni juu ya bendera ambazo hazijapindwa, mkono wa kulia umekaa vibaya kati ya kiwiko na kifundo. Mita haikuvunjika. Wale wateja walitoka mmoja mmoja, na wa mwisho alichukua bendera yake.

Mzee wa kuunga mifupa alikuja jioni, akaunyoosha mkono kwa vijiti vya kuti la mchikichi. Nyumba nzima hakukuwa na kitambaa kingine cha kufungia, kwa hiyo alifunga kwa mabaki ya kijani na nyekundu yaliyokuwa sakafuni. Sherehe za uhuru zilipofika, Mama Tausi alizisikiliza akiwa kitandani. Mimi nilitembea na wanashule wenzangu, nikaimba, nikarudi na sauti imenikauka, nikamkuta amejaribu kutwanga kwa mkono wa kushoto. Aliniambia, "Spesi, na mimi nitaenda kwa juge. Sasa ni inchi yetu." Alimaanisha hakimu, na aliamini. Na mimi niliamini zaidi yake, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Sista wetu alitueleza darasani kwamba sheria ya kukataza mke wa pili ipo kwa ajili ya kumkinga mwanamke. Niliiandika kwenye daftari kwa wino, nikapiga mstari chini yake.

Tulikwenda tribinali, yaani mahakamani, wiki kadhaa baadaye. Chumba kilikuwa kilekile cha Wazungu. Ukutani palibaki alama nyeupe ya mraba palipotolewa picha ya mfalme wao. Meza ileile, buku lilelile jeusi. Hata juge tulimjua. Zamani alikuwa karani wa Mzungu aliyekaa kwenye kiti kile, na sasa kiti ni chake. Mama Tausi akasimama mbele na mkono wake. Nawaambia jambo la kwanza aliloulizwa, na namwapia Mungu siongezi chumvi.

"Hii kitambaa umetoa wapi?"

"Ni mabaki, Bwana juge. Nilifungiwa mukono."

"Hii ni rangi ya bendera. Unafunga kidonda na bendera ya inchi?"

Akamwamuru afungue. Karani akaandika habari ya kitambaa, mistari mitatu, minne. Mama Tausi akafungua kwa meno na mkono wa kushoto, hakuna mtu aliyemsaidia, na mimi sikumsaidia, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mashahidi nimeambiwa nisisogee. Vijiti vikaanguka sakafuni. Mkono ukabaki wazi mbele ya watu wote, umejipinda, mwembamba kuliko mwenzake. Kitambaa kilikunjwa vizuri kikawekwa mezani. Ukiniuliza leo hasira yangu ilianza lini, nitakuambia ni pale, kwenye namna walivyokikunja.

Fundi Sefu alipoulizwa, alisema kwa heshima, kofia mkononi: "Ni dada yangu, Bwana juge. Alinivunjia heshima mbele ya watu, nikamurudi. Ni mambo ya nyumbani." Mama Riziki akaitwa. Nilimtazama, yule mwalimu wangu wa maharagwe, jasho linamtoka shingoni. Akasema, "Ni dada yake." Akarudi kukaa bila kumtazama mtu. Nilimchukia miaka mingi kwa hilo. Sasa simchukii, kwa sababu naelewa kwamba angesema vingine, kesho yake karani angekuwa mlangoni kwake akiuliza yeye mwenyewe ni dada wa nani. Lakini kuelewa si kusamehe, na wala sijui kama ni mimi ninayetakiwa kumsamehe.

Juge alikuwa tayari kufunga buku. Dada na kaka, mambo ya nyumbani, nendeni mkapatane. Ndipo akaniona na sketi yangu ya shule. "Wewe mutoto wa masista, Mungu anakuona. Huyu mwanamuke ni nani kwa Sefu?" Nilisimama. Nilimwangalia Mama Tausi, yeye alikuwa anauangalia mkono wake. Nilifikiri juu ya ule mstari niliopiga kwa wino, kwamba sheria ipo kumkinga mwanamke, na kwamba kinachoizuia isimkinge ni uongo wetu tu, uongo wangu mimi. Nikasema kwa sauti ya kusoma darasani, "Ni muke wake. Muke wa pili." Watu waliguna. Fundi Sefu aliangusha kofia. Nakiri kwamba kwa muda wa kumeza mate nilijiona mtu mkubwa kuliko wote mle ndani.

Juge hakukasirika hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyerahisishiwa kazi. Akasema, taratibu, huku anafungua buku: "Muke wa pili, kwa sheria hakuna. Na kama si dada, basi hapa iko mutu ameandikwa bure." Akamwomba karani rula. Akaiweka juu ya jina la Tausi na kuchora mstari, mmoja, mnyoofu, akapuliza wino ukauke. Akaamuru Mama Tausi apewe siku saba arudi kwa ndugu zake mlimani. Fundi Sefu akakaripiwa kwa kudanganya serikali. Nyumba ilibaki ilivyoandikwa, kwa jina la Sefu. Juu ya mkono hakusema neno. Si kwamba alisema lisilofaa, hakusema kabisa. Mkono ulikuwa pale, umbali wa hatua tatu kutoka mezani kwake. Tulipotoka, Fundi Sefu alipangusa kofia yake na kututangulia njiani kama bwana harusi.

Siku ya kuondoka Mama Tausi alifagia uani. Nilimwambia aache, amfagilie nani, akaniambia uchafu ni wake yeye, si wa Sefu. Alinipikia maharagwe, akaniwekea sahani kwenye meza yangu. Mimi nalia, siwezi kumeza. "Kula," akaniambia, "utachelewa shule." Hakunilaumu, na afadhali angenipiga kofi. Alifunga sufuria mbili na mwiko ndani ya kanga, Mama Riziki akambebea kinu mpaka njia kuu. Alikwenda kwa ndugu zake, upande wa Kigwena, akawa anakamua mawese ya watu wengine kwa mkono uliopinda. Mimi nikahamishiwa bweni la masista. Nilipita pale mtaani kabla ya Krismasi, nikaliona jina juu ya mlango, limepakwa rangi nzuri ya kijani.

Mwaka wa 1972, mwaka wa mauaji, Mama Tausi naye alivuka ziwa kama wengi wetu waliojaliwa kuvuka, akakaa upande wa Kigoma miongo kadhaa, akarudi mzee. Nilimtafuta nikampata chumba cha kupanga, Nyanza-Lac, na baadaye nikamleta Rumonge akae karibu nami. Siku moja tulikuwa tunachambua ndagala, nikatoa lile lililonikaa kooni. Nikamwambia: Mama, mara mbili niliulizwa wewe ni nani. Mara ya kwanza nilidanganya, mara ya pili nilisema kweli, na mara zote mbili mkono wangu mimi ulibaki mzima. Hakuacha kuchambua. Akasema, "Ulijibu kile waliuliza, Spesi. Changu hawakuuliza." Nikamwuliza chake ni kipi. Akanitazama kana kwamba masista walinipotezea muda bure. "Nyumba ni ya nani," akasema. Akarudi kwenye ndagala zake.

Leo kuna sheria. Nilikwenda kuisikiliza, ukumbini, kwenye viti vya plastiki. Mwanasheria kijana, binti mzuri, alitusomea kwamba kumpiga mwanamke ni kosa, awe mke au asiwe mke, na hakuna tena mambo ya nyumbani. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Halafu nikanyoosha mkono nikamwuliza: anayepigwa akifika mbele yenu, mtamwuliza nini kwanza? Akafikiri, maana alikuwa mkweli, akasema, "Jina, Mama. Halafu kama ameolewa, na nani." Nikamshukuru, nikakaa.

Baada ya mazishi nilikwenda komini, ofisi ya serikali, kuandikisha kifo. Dirishani alikuwa msichana, hajafika miaka thelathini, kucha zimepakwa rangi. Aliniamkia kwa adabu, akanipa pole, akaanza kujaza karatasi. Jina, umri. Kisha akauliza, "Alikuwa muke wa nani, Mama?"

"Usiandike hivyo."

"Basi, dada ya nani? Kwenye matanga nilisikia ni dada ya..."

"Wala hivyo. Andika: mwenye nyumba." Nikamtajia mtaa, na mahali, na kwamba ni ile yenye duka sasa.

Akanitazama. "Mama, hapa panaandikwa uhusiano na mutu."

"Najua panaandikwa nini. Miaka sitini nimejua. Mimi ndiye niliyeulizwa, na ninajibu. Nilikaa kwake nikisoma, nyumba ilikuwa yake. Andika."

Nyuma yangu watu walianza kuguna, foleni ilikuwa ndefu. Sijui kama ni huruma au ni uchovu, lakini aliandika. Nilisimama juu yake nikasoma kila herufi. Kisha, kwa mazoea ya kazi tu, ili apige mstari kwenye nafasi ya bwana iliyobaki tupu, akavuta rula akaiweka juu ya karatasi, chini tu ya jina la Tausi, akachukua kalamu. Niliunyoosha mkono kupitia dirisha dogo lile, nikaichukua rula, nikaitia kwenye mkoba wangu na kufunga zipu. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita, "Mama, rula yangu." Sikugeuka.